Maua Yaliyosingiziwa Kifo cha Dada Yangu

Aliyemuua dada yangu si maua. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu watu wa kwetu wamesema ni maua kwa miaka mingi, na uongo ukirudiwa na watu wenye sauti kubwa unageuka habari. Hata leo ukienda Ziwani, mtaa wetu wa zamani hapa Nairobi, ukauliza kuhusu yule mwanamke aliyefia chumbani mchana, utaambiwa, "Ah, yule aliyemalizwa na maua ya mdogo wake." Mdogo wake ni mimi. Nilikuwa nimelala chumba hicho hicho. Mimi nilipona.

Sikusoma sana. Niliacha shule darasa la tano, kwa hivyo nikieleza mambo ya mimea na hewa usinitarajie maneno ya kitabuni. Nitaeleza nilivyoelewa. Na niseme pia kwamba sikujifunza haya yote ili nionekane mjuzi. Nilijifunza kwa ajili ya mtu mmoja, binti ya dada yangu, ambaye tangu siku ile hakuwahi kukanyaga ndani ya nyumba yoyote niliyoishi, kwa kuwa ndani kulikuwa na maua. Nilitaka aingie. Hicho tu ndicho nilichokitaka.

Nyumba za zamani za Ziwani zilijengwa na watu waliojua kwamba binadamu anapumua. Juu, karibu na paa, kulikuwa na matundu yaliyopangwa mstari, ukuta wa mbele na wa nyuma, hewa inaingia huku inatokea kule. Dirisha lilikuwa dogo lakini lilikuwepo. Tuliyemwita mwenye nyumba hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mpangaji kama sisi, ila yeye alipanga kwa wakubwa wa baraza la jiji kwa bei ya zamani, kisha akatukatia sisi vyumba kwa bei ya leo. Akaona nafasi iliyobaki nje ya dirisha letu ni hasara. Akaegemeza chumba cha mabati pale, akakipangisha fundi mmoja wa magari. Kuanzia hapo dirisha letu likawa linatazama bati. Baadaye fundi akalalamika kwamba anasikia kila tunachosema na ananusa kila tunachopika, basi mwenye nyumba akaleta simenti akayaziba matundu ya juu, upande mmoja kisha na wa pili, ili kazi ifanane.

Dada yangu hakuwa mtu wa kunyamaza. Alimsimamisha pale pale kwenye ngazi.

"Mzee, umetuziba pua."

"Si nyinyi ndio mlikuwa mnalia baridi? Nimewafanyia hisani. Wengine wanalipia plasta."

"Basi na kodi punguza, maana umetupunguzia hewa."

"Hewa ni ya Mungu, mama. Mimi napangisha kuta."

Watu walicheka, na dada alicheka pia, kwa sababu jibu lilikuwa tamu. Huyo ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu ya wahalifu. Jina lake nalijua na la babake nalijua. Siliandiki kwa sababu watoto wake hawakuziba chochote.

Mimi nilikuwa nauza maua. Nilikuwa napanda kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia na vipande vya madebe, kisha nikishafanikiwa kuyakuza nayapanga kwenye karai na kuyazungusha Donholm, geti hadi geti. Nilikuwa na mshubiri, nilikuwa na lile la majani marefu yaliyosimama kama panga, na mengine ya kutambaa ambayo wanawake wa maofisini huyapenda kuyaning'iniza. Nje hayakulazika, kwa sababu yangeibiwa, na mbuzi wa mlinzi walikuwa hawana adabu. Kwa hivyo asubuhi nayatoa juani karibu na bomba, jioni nayarudisha ndani kwenye rafu. Siku za mvua na baridi kali yanabaki ndani.

"Wenzako wanapeleka watoto nasari," dada aliniambia kila asubuhi, "wewe unapeleka majani juani."

"Haya hayaombi karo."

"Na hayatakuzika."

Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa mama mmoja wa mandazi, mtu wa kanisa, mchapakazi, asiyekosa neno kwa jambo lolote. Yeye ndiye aliyeanza maneno ya maua. "Mama, toeni huo msitu nje," alituambia. "Usiku mti unavuta hewa ya watu. Kwetu hakuna mtu anaweza kulala chini ya mti."

"Na nyinyi mnaolala wote hao chumba kimoja," dada akamjibu, "mnavuta hewa ya nani?"

Wakacheka tena. Tulikuwa tunacheka sana ploti ile. Ninapoyakumbuka maneno haya siwezi kuyacheka.

Ilikuwa Julai. Anayejua Nairobi anaijua Julai, mawingu yanakaa juu ya paa wiki nzima, manyunyu hayaishi, nguo hazikauki. Dada alikuwa amekwenda sokoni alfajiri kuchukua mboga za jumla, akarudi amelowa mpaka mifupa. Mimi nilikuwa na mafua, sikutoka, na maua hayakutoka. Baada ya sala ya adhuhuri dada akapanda kitandani chini ya blanketi. Mimi nilimwachia kitanda, nikajitandikia mkeka karibu na mlango.

Binti yake alikuwa mtoto bado, wa kumi hivi, amechelewa kwenda madrasa. Mama yake akamtuma awashe jiko nje. Alijua kuwasha. Watoto wote wa pale walijua. Unapanga makaa, unatia karatasi chini, unapepea na mfuniko wa sufuria, moshi mzito unatoka, unakohoa, unageuza uso. Ukiendelea kupepea moshi unapungua, makaa yanashika, yanakuwa mekundu. Hapo tunasema yameiva. Na yakishaiva, siku za baridi, jiko linaingizwa ndani. Kila mlango wa ploti ile, kila ploti ya Eastlands niliyowahi kuishi, mambo yalikuwa hivyo. Tulilelewa tukijua kwamba adui ni moshi. Macho yakiacha kuwasha, hatari imepita. Hakuna aliyetuambia kwamba ile isiyoonekana ndiyo mbaya.

"Mama, yameiva," mtoto akasema mlangoni.

"Hayana moshi?"

"Hayana hata kidogo."

"Haya lete."

"Niweke wapi?"

"Hapo katikati. Na ukitoka funga mlango vizuri, baridi inaingia."

Akaliweka, akavaa mtandio wake, akatoka, akafunga mlango vizuri. Nilisikia yote haya nikiwa nimefumba macho. Joto lilifika miguuni mwangu na nikamshukuru Mungu.

Kinachofuata nakikumbuka vipande vipande. Kichwa kilibanwa kama kimefungwa mkanda, nikadhani ni mafua. Dada alikoroma, mkoromo mzito ambao haukuwa wake. Nilitaka kumwita nikaona ulimi umekuwa mkubwa. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa, na wala sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba sikuogopa. Nilikuwa na usingizi mtamu. Chini ya mlango kulikuwa na ufa, na pua yangu ilikuwa karibu na ule ufa. Sina maelezo mengine ya kwa nini niko hai naandika haya.

Mtoto aliporudi kutoka madrasa ndiye aliyetukuta. Ukelele wake ndio uliowaleta mama wa mandazi na yule fundi, wakatuvuta nje kwa mikono. Siwanyimi haki yao. Walinivuta. Fundi alinimwagia maji, akanipepea na kipande cha katoni. Lakini wakati huo makaa yalikuwa yameshageuka majivu, na katika vurugu mtu alilipiga jiko teke likaenda uvunguni. Watu waliojazana mlangoni hawakuona jiko. Waliona rafu kuta tatu, na maua, yote yamesimama, majani yametuna, hakuna hata moja lililonyauka. Na mwanamke amelala kifudifudi nje ya mlango, ameaga dunia.

"Nilisema!" mama wa mandazi akapiga kofi mapajani. "Nilisema mimi! Angalieni yalivyonona! Yamekunywa pumzi ya mtu!"

Haya nilisimuliwa. Mimi nilikuwa njiani kwenda hospitali kwenye gari la mtu. Huyo mama ni wa pili. Hakuua, lakini alimpa muuaji pahali pa kujificha.

Nilipoamka vizuri ilikuwa siku ya pili na dada yangu alishazikwa. Kwa sisi Waislamu maiti haicheleweshwi, hilo najua, silipingi. Ila kaka yetu mkubwa alizungumza na watu wa serikali, mambo yakapita, na hakuna aliyeuliza amekufa kwa nini. Jibu lilikuwa limeshapatikana ploti. Daktari mmoja kijana alikuja kando ya kitanda changu.

"Mama, mlikuwa na jiko ndani?"

"Lilikuwepo. Lakini halikuwa na moshi."

Akatikisa kichwa. "Hiyo isiyo na moshi ndiyo inayoua. Haina rangi, haina harufu. Inaingia kwenye damu inakalia kiti cha hewa nzuri, na haitoki."

"Na maua?"

"Maua gani?" akaniuliza.

Nilirudi nyumbani na maneno hayo nimeyashika kama mtu aliyebeba yai. Nikakuta mikebe yangu yote iko kwenye mtaro wa maji machafu, mshubiri umeelea, mizizi juu. Kaka yetu alikuwa amesimama na kanzu yake, mtoto ameshika pindo.

"Kaka, daktari amesema ni jiko."

"Daktari alimwona marehemu?"

"Angemwonaje? Mmemzika."

"Basi anyamaze, na wewe unyamaze. Kila nyumba hapa ina jiko. Mbona hawafi? Nyumba yenye msitu ni yako peke yako."

Jibu lake ninalo leo. Ningemwambia kwamba kila nyumba ina jiko lakini si kila nyumba imezibwa kama kaburi. Siku hiyo kichwa kilikuwa kizito na ulimi ulikuwa bado mkubwa. Akamchukua mtoto. "Hawezi kulala na vitu vilivyomla mama yake," akasema mbele za watu, kisha akamwinamia mtoto. "Si ndio?"

Mtoto akatingisha kichwa kukubali. Aliyatazama maua kule mtaroni, hakunitazama mimi. Nilidhani ananiogopa. Niliishi na dhana hiyo miaka yote.

Kaka ndiye wa tatu.

Nikahamia Kariobangi. Nilitafuta chumba chenye madirisha pande mbili, na nilipokipata sikuuliza choo kiko wapi. Nikaanza tena na mikebe, maana kazi nyingine siijui. Pale jirani kuna karakana za kuyeyusha vyuma vikuukuu wanatengeneza sufuria, na masizi yake yanashuka juu ya kila kitu. Nikagundua kwamba maua yakikaa bila kupanguswa yanapauka, majani yanaanza kuwa ya njano na hayakui. Nikayapangusa kwa kitambaa chenye maji, juu na chini ya jani, yakarudi. Hasa chini. Sikujua kwa nini ni chini. Nilijua tu kwamba jani likipakwa masizi chini linakuwa kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni.

Nilikuwa na redio ndogo, na kulikuwa na kipindi cha wakulima ambapo bwana mmoja wa mimea anajibu maswali. Siku moja nikatia salio nikapiga. Nilipata baada ya kujaribu mpaka kidole kikauma.

"Mama, unapiga kutoka wapi?"

"Kariobangi."

"Vizuri. Shamba lako ni la ukubwa gani?"

"Ni mikebe."

Wakacheka huko studio, lakini bwana wa mimea alikuwa mtu mwema, akanisikiliza. Nikamuuliza kama maua yanaweza kumuua mtu aliyelala.

Akaeleza taratibu. Alisema jani lina vinywa, vidogo mno, huwezi kuviona kwa macho, na vingi viko upande wa chini. Kila kinywa kina midomo miwili. Jua likitoka midomo inafunguka, jani linaingiza ile hewa ya ukaa tunayoitoa sisi puani, linaitumia kujipikia chakula, na linatoa hewa ile tunayoihitaji. Hapo hapo linapoteza maji, ndiyo maana jua likiwa kali sana linafunga midomo lisikauke. Giza likiingia hakuna upishi, na mimea mingi inafunga midomo. Lakini mmea ni kiumbe hai, akasema, na chenye uhai kinapumua mchana na usiku. Usiku unachukua kidogo ya hewa nzuri na kutoa kidogo ya mbovu, kama mimi na wewe.

Yaani mama wa mandazi hakudanganya yote. Alikuwa na ukweli mdogo kama punje ya mtama, akaukandia mandazi.

"Ni kidogo kiasi gani?" nikauliza.

"Mtoto mchanga akilala anatumia hewa kuliko rafu yako nzima, mama. Na hayo yenye majani manene, mshubiri na wenzake, hayo tabia yake ni kinyume. Asili yake ni sehemu kavu, hayathubutu kufungua midomo kwenye jua. Yanafungua usiku, yanavuta hewa ya ukaa gizani na kuiweka akiba."

Nikakumbuka mshubiri umeelea mtaroni. Huo ndio walioanza kuutupa, kwa kuwa una miiba.

Nikauliza swali la mwisho, ingawa mtangazaji alishaanza kuniaga. "Na jiko likiwa ndani, maua yangeweza kutuokoa?"

"Hapana, mama," akasema. "Hewa ya jiko ni nyingine. Hapo jani haliwezi chochote."

Kwa hivyo hayakuua na hayakuokoa. Yalikuwa wapangaji kama sisi, yamefungiwa ndani na sisi. Hilo lilinifanya nilie kuliko siku niliyoambiwa dada amezikwa, na sijui kwa nini.

Kutoka hapo nikawa na silaha. Na huku ndiko ninakojutia. Kila Idi nilikwenda kwa kaka, kila harusi, kila matanga, na kila nilipompata yule binti nilimweleza habari za vinywa vya majani. Alikuwa sekondari sasa, msichana mrefu, mkimya, ana macho ya dada. Nilimkuta siku moja anaosha vyombo.

"Mama mdogo," akaniambia kabla sijamaliza, "hata sisi tumesoma. Usiku mimea inatoa kabondayoksaidi. Iko kitabuni."

"Kidogo, mwanangu. Kidogo sana."

"Na chumba chetu kilikuwa giza hata mchana. Ni kama usiku."

"Na jiko?"

Akaweka sahani chini, akafuta mikono, akatoka. Nikasema moyoni, kaka amemharibu. Nikasema, elimu imempa kiburi. Kumbe mtu anaweza kukimbia swali kwa sababu jibu lake analijua. Idi iliyofuata nikamuuliza tena.

Akamaliza shule, akapata kazi kwenye duka la dawa, akaolewa, wakakaa Donholm kwenye maghorofa. Mwaka huu akajifungua mtoto wa kiume. Nilimwona mtoto hospitalini dakika chache, kaka yuko, mawifi wako, nikapitishiwa kama sinia. Alipofikisha arobaini nikapiga simu.

"Mwanangu, mama yako hayupo. Mwenye haki ya kumpakata huyu kama bibi ni mimi. Mlete nyumbani."

"Nitamleta, mama mdogo. Lakini siingii ndani. Tutakaa nje."

Alikuja Jumapili, mtoto kamfunika shali nyeupe, asubuhi yenye jua la kipupwe. Nikamtolea kiti uani. Mlango ulikuwa wazi na maua yalionekana kwenye rafu, nikamwona anayahesabu kwa jicho kama mtu anayehesabu mbwa wa jirani. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Tangu asubuhi nilikuwa nimezamisha jani la kijani kwenye gilasi ya maji nikaliweka kwenye kizingiti cha dirisha juani, kwa sababu nilikuwa nimejionea mwenyewe kwamba baada ya muda viputo vidogo vidogo vya hewa vinajishika kwenye jani kama shanga, hasa kwa chini, pale penye vinywa. Nikamletea gilasi.

"Hebu tazama. Linapumua."

Akatazama. Alitazama vizuri, sikatai. "Naona. Tulifanya hivi shuleni."

"Basi unajua hayakumuua."

"Najua."

Nikaiweka gilasi chini. "Unajua tangu lini?"

"Tangu kidato cha pili."

Ningekuwa mtu mwenye hekima ningenyamaza hapo. Lakini mimi nilikuwa nimesubiri miaka, na nikaona ushindi huo hapo umekaa kwenye kiti changu. Nikaanza kufoka. Kwa nini basi amemwacha mjomba wake aendelee kunipaka matope? Kwa nini kwenye harusi yake meza yangu iliwekwa nyuma? Kwa nini haingii kwangu? Akanisikiliza anampapasa mtoto mgongo.

"Kama si maua," akasema, "ni nini?"

"Ni jiko! Daktari alisema. Ni jiko."

"Na hilo jiko liliingia lenyewe?"

Jirani yangu alikuwa anafua kwenye karai upande wa pili wa ua. Nilisikia maji yakimwagika sakafuni. Nilikuwa nimewataja wahalifu kwa vidole miaka yote, mwenye nyumba, mama wa mandazi, kaka, na kila mara nilipofika kwenye jiko nilisema jiko, kama kwamba jiko lina miguu. Si kwamba nilisahau nani alilibeba. Nilimsikia kwa masikio yangu. Lakini kwangu ilikuwa kama kusema mtoto alibeba maji. Haikunipitia akilini kwamba naye alikuwa na orodha yake, na kwenye orodha yake kuna mtu mmoja.

"Mwanangu, sikiliza. Aliyeua ni yule aliyeziba matundu. Kama matundu yangekuwa wazi..."

"Nimemsikia huyo mwenye nyumba tangu utotoni, mama mdogo. Namjua. Lakini aliyeuliza 'niweke wapi' ni mimi. Na mlango niliufunga mimi. Niliuvuta mara mbili ushike."

"Ulitumwa. Mama yako ndiye aliyekuambia."

"Ndio," akasema. "Sasa unataka nimlaumu yeye?"

Mtoto akaanza kulialia, binti akambadilisha bega.

"Kila unapokuja na redio yako," akasema, polepole, bila hasira, na ndiyo maana yaliniuma, "unayatoa maua mahakamani, unaniingiza mimi. Niachie maua. Maua hayaumii."

Ningeweza kusema mengi. Kwamba alikuwa mtoto. Kwamba ndiye aliyenifungulia mlango na bila yeye nisingekuwepo. Nilisema baadhi, baadaye, na akanisikiliza kwa adabu kama mtu anayepewa pole na mpita njia. Pale uani niliinuka, nikaingia ndani, nikatoka na mkebe wa kwanza, nikauweka chini ya ukuta wa jirani. Nikarudi, nikatoa wa pili. Nilitoa mshubiri, nikatoa yale ya panga, nikashusha yaliyoning'inia. Magoti yananiuma siku hizi, nilikuwa naenda taratibu. Yeye alikaa ananitazama tu, hakunizuia na hakunisaidia.

"Wa maua, leo unahama?" jirani akaniita kutoka kwenye karai lake.

"Nasafisha."

"Jumapili?"

"Uchafu una siku?"

Rafu zikabaki tupu, na alama za duara za mikebe. Chumba kikaonekana kikubwa, na kibaya, kusema kweli. Nikafungua madirisha yote mawili. Nikarudi mlangoni.

"Yameisha?" binti akauliza.

"Yameisha."

Akasimama. Akavua viatu kizingitini, akasoma bismillah kwa sauti ya chini, akaingia. Akaketi ukingoni mwa kitanda changu, akanipa mtoto. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, na joto lake lilipita kwenye shali likanifika kifuani. Nilishusha uso mpaka nikahisi pumzi yake shavuni mwangu, inaingia, inatoka, haina habari na sisi.

Jirani hakuweza kujizuia. Akaja mpaka mlangoni, mikono ina povu, kumwona mtoto. Alimsifu, akamwombea, kisha akageuza shingo kuitazama mikebe yote kule ukutani.

"Mmeyatoa kwa ajili ya mtoto?"

Binti ya dada yangu aliniangalia. Yale macho.

"Ndio," nikasema. "Hayafai kulala na mtoto. Yanamaliza hewa."

"Kweli kabisa," jirani akasema. "Mimi nimekuwa nataka kukuambia siku nyingi."

Nikamrudishia mama yake mtoto, nikaenda kubandika chai kwenye jiko la gesi.